Jukwaa la kuanzia lenye kibao cha nyuma: tathmini baada ya msimu mzima wa matumizi

Mwanzoni mwa msimu uliopita klabu yetu iling'oa majukwaa ya zamani ya kuanzia, yale yenye uso mmoja ulioinama kidogo kuelekea majini, ikaweka mapya yenye kibao cha nyuma kinachosogezwa ili mguu wa nyuma upate mahali pa kusukumia. Kwa kuwa mimi ndiye ninayefundisha waogeleaji wa mbio fupi, nimekuwa na vifaa hivi karibu kila siku ya mazoezi, nikivitazama kwa macho na kwa kamera, na ninaona ni haki makocha wenzangu wayajue niliyoyaona kabla hawajaamua kununua. Hukumu yangu naitoa mapema: jukwaa la aina hii ni bora kuliko lile la uso mtupu, wala sitalirudia la zamani kwa hiari yangu, lakini linachompa mwogeleaji si nguvu, bali ni uelekeo wa nguvu aliyonayo tayari. Asiyefundishwa kuutumia uelekeo huo huchelewa juu yake kuliko alivyokuwa akichelewa juu ya lile la zamani, na jambo hilo nimelishuhudia katika wiki zote za mwanzo.

Umbo hili si geni tena. Omega, kampuni ya saa na vipima muda vya michezo, ndiyo iliyolifanya lijulikane kwa jukwaa lake la OSB11, ambalo lilitumika katika Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza London mwaka 2012. Watengenezaji wengine walifuata, na kanuni za shirikisho la dunia, ambalo leo linaitwa World Aquatics na zamani liliitwa FINA, zinaruhusu kibao cha nyuma kinachorekebishika. Kanuni hizo hizo zinataka uso wa jukwaa uwe kati ya mita 0.5 na mita 0.75 juu ya maji, usipungue nusu mita kwa nusu mita, na usiiname zaidi ya digrii 10. Tuliyonunua sisi, ambayo mtengenezaji wake sitamtaja kwa sababu mengi ninayoyasema yanahusu aina nzima ya kifaa, yanatimiza masharti hayo. Niliyapima mwenyewe kwa utepe na kipimapembe kabla ya mwogeleaji wa kwanza kupanda.

Ili mtu aelewe anachokinunua, ni lazima aelewe kwanza kinachotokea kati ya ishara ya kuanza na mguu wa mwisho kuachana na jukwaa. Tuchukue mwogeleaji mwenye uzito wa kilo 70 anayeruka kwa kasi ya mlalo ya mita 4.5 kwa sekunde, kasi ambayo wanaume wa daraja la juu huifikia. Tuseme muda wake wote juu ya jukwaa ni sekunde 0.70, na kwamba sekunde 0.15 za kwanza zimepita akiwa bado anaisikia ishara na misuli haijaanza kazi. Zimebaki sekunde 0.55 za kusukuma. Katika muda huo anapaswa kuutoa mwili wake kwenye utulivu kamili na kuufikisha kwenye mita 4.5 kwa sekunde, na hesabu inaonyesha kwamba kani ya wastani inayohitajika kwa upande wa mlalo pekee ni kama nyutoni 570, yaani zaidi ya asilimia 80 ya uzito wake mwenyewe. Kani kubwa namna hiyo inayoelekea mbele haitoki kirahisi kwenye uso ulio karibu tambarare.

Kiini cha kifaa kiko hapo. Uso wowote huurudishia mguu unaoukanyaga msukumo ulio pembe mraba na uso huo, na ziada yote inategemea msuguano. Uso ulioinama digrii 10 unaelekeza mbele asilimia 17 tu ya kani hiyo. Kinachobaki kinamwinua mwogeleaji juu, wala hana haja ya kuinuliwa sana kwa kuwa tayari yuko juu ya maji. Kibao cha nyuma kimeinuka kama digrii 30 kutoka kwenye uso wa jukwaa, kwa hiyo ukijumlisha na mwinamo wa uso wenyewe unapata karibu digrii 40 kutoka mlalo, na sehemu inayoelekea mbele inapanda hadi asilimia 64. Mguu ni ule ule na misuli ni ile ile, lakini kazi inayoelekea kwenye ukuta wa pili imeongezeka bila mwogeleaji kuhangaika na kuteleza. Nilipowaonyesha wanafunzi wangu hesabu hii ubaoni, mmoja wao alisema ni kama tofauti kati ya kusukuma gari ukiwa umesimama kwenye matope na kulisukuma ukiwa umeegemeza mguu ukutani, na tangu siku hiyo natumia mfano wake.

Kabla ya kibao hiki waogeleaji walikuwa na njia mbili kuu. Moja, iliyoenea tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, ni kuweka miguu yote miwili mbele na kushika ukingo kwa mikono. Nyingine, iliyofuata muongo mmoja baadaye, ni kuweka mguu mmoja nyuma kama mkimbiaji. Njia ya pili ilimwezesha mtu kuondoka mapema, lakini mguu wa nyuma ulikuwa na kazi ndogo kwa sababu haukuwa na kitu cha kuegemea. Kibao kimeupa mguu huo kazi. Katika picha zetu za mwendo wa taratibu utaratibu unaonekana wazi: mikono inavuta ukingo, kiwiliwili kinaanza kusogea mbele, mguu wa nyuma unapiga kwa nguvu na kwa muda mfupi, mikono inaachia, mguu wa nyuma unaachia, na mguu wa mbele ndio unaobaki peke yake kumaliza kazi. Ninasisitiza hili la mwisho, kwa sababu watu wengi wakishakipata kibao huusahau mguu wa mbele, ilhali ndio unaosukuma kwa muda mrefu zaidi na ndio unaoamua mwili utaondoka kwa pembe gani.

Sasa nieleze mahali tulipokosea. Kibao chetu kina nafasi tano za kufungia, na siku ya kwanza niliwaambia waogeleaji wote wachague wanayoona inawafaa. Karibu wote walichagua nafasi ya nyuma kabisa, kwa sababu mtu akinyoosha mwili anahisi ana nguvu. Matokeo yalikuwa mabaya. Goti la nyuma lilikuwa limenyooka mno kabla hata ya ishara, kwa hiyo halikuwa na mwendo wa kutosha wa kusukuma. Nyonga zilikuwa zimekaa nyuma na chini, na mwogeleaji alilazimika kuusafirisha mwili wake juu ya jukwaa kwa muda mrefu kabla ya kuruka. Msichana mmoja mrefu, ambaye ndiye mwanzaji wangu mzuri kuliko wote, alichelewa waziwazi kuliko alivyokuwa akianza kwenye jukwaa la zamani, na alinijia akiomba aruhusiwe kutokitumia kibao kabisa. Nilikaribia kumkubalia.

Tulichofanya badala yake ni kupima pembe ya goti. Tulimpiga picha kutoka ubavuni akiwa katika nafasi ya kujiandaa, tukakisogeza kibao mbele hatua kwa hatua mpaka goti la nyuma likakaribia pembe mraba, huku goti la mbele likibaki limefunguka zaidi, kati ya digrii 130 na 145. Nyonga zilipanda zenyewe. Uzito wake, ambao awali ulikuwa umelala juu ya mguu wa nyuma, ulihamia katikati ya jukwaa. Kwa siku kadhaa alilalamika kwamba anajihisi amebanwa, kisha malalamiko yakaisha, na kamera ya simu inayopiga picha 240 kwa sekunde, ambayo kila picha yake inawakilisha sekunde 0.004 hivi, ilituonyesha kwamba anaondoka mapema kuliko alivyowahi kuondoka. Kwa waogeleaji waliokomaa faida ya kibao hupimwa kwa sehemu chache za mia za sekunde katika mita chache za mwanzo. Asiyejua mchezo huu ataiona ndogo. Aliyewahi kuwa wa nne kwa sehemu moja ya mia hataiona hivyo.

Kuhusu mahali pa kuweka uzito, waogeleaji hutofautiana, na sipendi kocha anayewalazimisha wote kufuata mtindo mmoja. Aliyeegemea nyuma hupata safari ndefu ya kusukuma na kwa hiyo huweza kuondoka na kasi kubwa zaidi, lakini hulipa kwa muda anaoutumia juu ya jukwaa. Aliyeegemea mbele huondoka upesi na kasi kidogo. Wengi wa waogeleaji wangu wamefaidika na nafasi ya katikati. Vivyo hivyo kwa mguu wa kuweka mbele: msidhani kwamba anayeandika kwa mkono wa kulia lazima atangulize mguu fulani. Mjaribishe pande zote mbili kwa siku kadhaa, kisha acha kipimo kiamue. Kanuni inadai tu kwamba, baada ya amri ya kujiweka tayari, angalau mguu mmoja uwe mbele ya jukwaa. Mikono haina masharti.

Kasoro ya kwanza ya kifaa chenyewe inahusiana na jambo hilo hilo. Nafasi tano ni chache, na umbali kati ya moja na nyingine ni mkubwa mno kwa watoto. Mwogeleaji mfupi wa miaka kumi na miwili hujikuta nafasi ya mbele kabisa bado iko nyuma mno kwake, na anayemfuata kwa urefu hujikuta katikati ya nafasi mbili ambazo zote hazimfai. Kwa klabu yenye watoto wengi ningependa kibao chenye hatua ndogo zaidi, hata kama kitakuwa kizito. Kasoro ya pili ni mfumo wa kufungia. Kibao kinapita juu ya reli mbili za pembeni na kufungwa kwa pini iliyobanwa na springi, na katika majukwaa mawili kati ya yale tuliyonunua pini hiyo imeanza kulegea, kiasi kwamba mtu akikikanyaga kwa nguvu kibao kinacheza kidogo kabla ya kutulia. Kulegea kwa milimita mbili si jambo dogo. Mguu wa nyuma unapopiga, sehemu ya kwanza ya pigo lake, ambayo ndiyo ya haraka kuliko zote, inatumika kukisogeza chuma badala ya kuusogeza mwili, na zaidi ya hayo mwogeleaji aliyehisi mchezo huo mara moja hatathubutu tena kupiga kwa nguvu zake zote. Mtengenezaji alituma pini mpya tulipomwandikia, na kwa hilo namshukuru, lakini tangu hapo tunazikagua kila Jumatatu.

Uso wenyewe ni mzuri kuliko nilivyotarajia. Una mkwaruzo kama wa msasa mnene, unashika hata ukiwa umeloa, na hauchubui nyayo. Ukingo wa mbele una mviringo unaoruhusu vidole vya mguu kujikunja na vidole vya mikono kushika bila kugongana. Kuna pia vishikio vya pembeni, ambavyo baadhi ya waogeleaji wangu walivipenda mwanzoni. Niliwarudisha wengi kwenye kushika mbele, kwa sababu mvuto wa mikono dhidi ya ukingo wa mbele ndio unaouanzisha mwili kusogea kabla miguu haijafikia nguvu yake kamili, na kila nilipompiga picha aliyeshika pembeni nilimwona akiutupa mwili juu badala ya mbele.

Jambo ambalo wauzaji hulitaja kwa haraka, nami naliona kubwa, ni spika iliyomo ndani ya kila jukwaa. Sauti husafiri hewani kwa mita 340 hivi kwa sekunde. Katika bwawa la njia nane zenye upana wa mita 2.5 kila moja, kati ya mwogeleaji wa njia ya kwanza na wa njia ya nane kuna mita 17.5, kwa hiyo ishara ikitoka upande mmoja tu wa bwawa wa mwisho anaisikia sekunde 0.05 baada ya mwenzake. Hiyo ni zaidi ya faida yote anayoweza kuipata kutokana na kibao cha nyuma. Klabu inayonunua majukwaa mapya na kuacha kuunganisha spika kwa ajili ya kubana matumizi inajinyima haki katika mashindano yake yenyewe, na naomba viongozi walifikirie hilo kabla ya kukata waya huo kwenye orodha ya manunuzi.

Kwa mbio za kupokezana kifaa kinafaa, ingawa mpangilio hubadilika. Anayemsubiri mwenzake haisubiri sauti, bali anaona mkono unakuja, kwa hiyo anaweza kuuanzisha mwili wake mapema kwa kuzungusha mikono, mradi miguu isiachane na jukwaa kabla mwenzake hajagusa ukuta. Baadhi yao hupenda kuanza na miguu yote nyuma kisha kupiga hatua kuja mbele, na hao wanahitaji kibao kiondolewe au kisogezwe mwisho kabisa ili kisiwe kizuizi. Chetu kinatoka kwa sekunde chache, nami nakisifu kwa hilo.

Lazima pia niseme kile ambacho jukwaa hili haliwezi kukifanya, kwa sababu nimewaona wazazi wakilitazama kana kwamba litawapa watoto wao medali. Mwanzo hupimwa hadi mita 15, na sehemu kubwa kabisa ya muda huo hupita chini ya maji, si juu ya jukwaa wala hewani. Mwogeleaji anaingia majini kwa kasi ya karibu mita 6 kwa sekunde, kwa kuwa mvuto wa dunia umeongeza kasi ya kushuka juu ya ile ya mlalo, na hakuna namna nyingine yoyote ya kuogelea itakayompa tena kasi hiyo katika mbio nzima. Ukinzani wa maji unaongezeka kwa mraba wa kasi. Kwa mita 6 kwa sekunde ni mara tisa ya ule wa mita 2. Kwa hiyo mwili usiponyooka, au miguu ikiingia mahali tofauti na ilipoingilia mikono, kila kilichopatikana kwenye kibao kinapotea kabla mtu hajahesabu moja. Tunawafundisha mikono, kichwa, nyonga na miguu vipite katika tundu moja la maji, mkono mmoja juu ya mwingine, masikio yamebanwa na mikono.

Baada ya hapo swali ni lini waanze mateke ya pomboo, yaani kupiga maji kwa miguu yote miwili pamoja huku mwili ukijipinda kama wimbi. Akianza mapema mno, akiwa bado anakwenda kwa kasi kuliko mateke yake yanavyoweza kumpeleka, anajiongezea ukinzani bure. Akichelewa, anaacha kasi ishuke kisha anatumia nguvu kuirudisha. Wakati unaofaa ni pale kasi ya kuteleza inapokaribia ile anayoweza kuitunza kwa mateke, ambayo kwa waogeleaji wa juu ni kama mita 2 kwa sekunde au zaidi kidogo. Kina nacho ni muhimu: aliye karibu mno na uso wa maji anapoteza nguvu kwa kutengeneza mawimbi. Chini ya maji panalipa hivi kwamba mwaka 1988 katika Olimpiki ya Seoul, Daichi Suzuki wa Japani na David Berkoff wa Marekani waliogelea chali wakiwa wamezama kwa mita 30 hivi, wakachukua dhahabu na fedha katika mita 100, na baadaye kanuni zikaweka kikomo ambacho leo ni mita 15.

Kwa wanaoogelea chali, majukwaa yetu yalikuja na ubao mdogo wa kukanyagia unaoning'inizwa ukutani, ambao shirikisho la dunia linauruhusu na ambao Olimpiki iliutumia kwa mara ya kwanza Rio mwaka 2016. Unaweza kuwekwa hadi sentimita 4 juu au chini ya usawa wa maji. Sina mengi ya kusema juu yake zaidi ya kwamba umeondoa ile aibu ya miguu kuteleza ukutani mbele ya watazamaji, na kwamba waogeleaji wangu sasa wanathubutu kurusha nyonga juu. Kamba zake zinajiviringa zenyewe vizuri.

Mwisho kuna suala la mahali pa kuyafunga. Kanuni inataka kina cha maji kisipungue mita 1.35, kuanzia mita 1 hadi angalau mita 6 kutoka ukutani, popote palipo na majukwaa ya kuanzia. Hicho ni kiwango cha chini kabisa kwa watu waliofundishwa. Kibao cha nyuma kinampa mwanafunzi kasi ambayo bado hajajua kuielekeza, na anayeanza kujifunza mara nyingi huingia majini kwa pembe kali kuliko anavyodhani. Sisi tumeyafunga upande wenye kina cha mita 2, na kwa wiki nne za kwanza hakuna mtoto aliyeruhusiwa kukitumia kibao kabla hajanionyesha mara kumi mfululizo, kutoka ukingoni mwa bwawa, kwamba anaingia kwa mikono kwanza na anarudi juu bila kukaribia sakafu. Boliti za msingi zinahitaji zege imara isiyo na nyufa. Jukwaa letu la njia ya sita lilifungwa karibu na kiungo cha vigae, likaanza kutikisika mwezi wa tatu, na ilibidi fundi alifungue lote na kulisogeza sentimita kumi ndipo likatulia.